Usaili wa praiveti ekwiti: kalamu, karatasi na kiwanda cha katani

Barua za Tanga mwezi huu zimefuatana kama samaki wa dagaa, na zote zinahusu usaili wa mifuko ya praiveti ekwiti. Kwa msomaji ambaye jina hilo ni geni: mfuko wa aina hii hukusanya fedha za mifuko ya pensheni, taasisi za maendeleo na matajiri, hununua hisa za kampuni ambazo nyingi haziko kwenye soko la hisa, hukaa nazo miaka kadhaa, kisha huziuza. Ajira zake ni chache na usaili wake ni mkali. Tumechagua barua nne.

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tatu, nasoma uhasibu. Nimeitwa usaili wa mafunzo kwa vitendo kwenye mfuko mmoja Dar es Salaam. Wenzangu wananiambia nikariri maswali mia nne ya mtandaoni. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Chumbageni*

Marahaba mwanetu. Hayo mia nne yaweke kando, shika moja kwanza, kwa sababu wengi huanza nalo: uchakavu ukiongezeka kwa shilingi milioni 10, taarifa tatu za hesabu zinabadilikaje?

Kodi ya mapato ya kampuni hapa nchini ni asilimia 30. Faida kabla ya kodi inashuka milioni 10, kodi inapungua milioni 3, faida halisi inashuka milioni 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 maana uchakavu si fedha iliyotoka mfukoni, unabaki na ongezeko la 3. Kwenye mizania, mitambo imeshuka 10 na fedha taslimu imepanda 3, hivyo upande wa mali umepungua 7. Upande wa pili, limbikizo la faida nalo limepungua 7.

Wengi hufika hapo wakanyamaza. Msaili atauliza fedha imeongezeka kwa nini, na mtu aliyekariri hujibu "kwa sababu tumerudisha uchakavu". Sivyo. Imeongezeka kwa sababu TRA imechukua kidogo. Ukitaka kuonyesha kwamba umewahi kugusa hesabu za Tanzania, ongeza sentensi moja: TRA haifuati uchakavu wa vitabu vya kampuni, ina viwango vyake yenyewe, kwa hiyo uchakavu wa vitabuni ukipanda peke yake kodi ya mwaka huu haibadiliki, na tofauti inakwenda kwenye kodi iliyoahirishwa. Lakini jibu kwanza walivyouliza. Ukianza na hiyo utaonekana mbishi.

Baada ya hapo fanya zoezi hilohilo kwa matukio mengine: umenunua bidhaa kwa mkopo, mteja hajalipa, umelipia bima ya mwaka mzima mapema. Matatu kila siku kwa wiki mbili, kwa sauti, bila kuandika. Kisha chukua hesabu zilizokaguliwa za kampuni iliyoorodheshwa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kama TBL ya bia au Twiga ya saruji, uifuate shilingi kutoka mauzo hadi benki. Usianze na CRDB wala NMB. Kwa benki, riba ndiyo biashara na deni ndiyo malighafi, hivyo vipimo utakavyoulizwa kwenye usaili havina maana kwake.

Kuhusu "kwa nini unataka kufanya kazi hapa", chagua kampuni moja ambayo mfuko huo umeinunua, ujue inauza nini, kwa nani, na ungeulizia nini kabla ya kuinunua. Hilo linatosha.

Nimefanya ukaguzi wa hesabu miaka mitatu na CPA ninayo. Nimeitwa usaili wa nafasi ya asosieti. Nimeambiwa nitapewa karatasi na kalamu, dakika 30, bila kompyuta. Ni mtihani gani huo?
*Mkaguzi, Ngamiani*

Ndugu mkaguzi, hiyo ni LBO ya karatasi: kampuni inanunuliwa kwa sehemu ya mkopo, na mkopo unalipwa na kampuni yenyewe. Tuifanye yote, kwa kiwanda cha kubuni cha kamba za katani hapo Tanga. Namba zote ni bilioni za shilingi.

EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ni 10. Bei ni mara 6 ya hiyo: 60. Mkopo ni 30 kwa riba ya asilimia 15, mfuko unaweka 30. EBITDA inaongezeka 1 kila mwaka. Uchakavu 2, ununuzi wa mitambo 2, na mtaji wa kuendeshea biashara unameza 0.5 kila mwaka, kwa sababu shamba linataka fedha mkononi na mnunuzi wa ng'ambo analipa baada ya miezi. Mwisho wa mwaka wa 5 unauza kwa mara 6 ileile.

Mwaka wa 1 EBITDA ni 11. Toa uchakavu 2 na riba 4.5, inabaki 4.5. Kodi ni 1.35, faida halisi 3.15. Rudisha uchakavu 2, toa mitambo 2, toa 0.5. Fedha ya kupunguza deni ni 2.65.

Hapa ndipo watu wanapozama, wakihesabu riba ya mwaka mmoja mmoja hadi muda unakwisha. Omba kuishikilia riba ya 4.5 miaka yote. Ni tahadhari, maana deni likipungua riba halisi ingeshuka, na kwa kawaida msaili hukubali. Sasa kila 1 inayoongezeka kwenye EBITDA huacha 0.7 baada ya kodi: 2.65, 3.35, 4.05, 4.75, 5.45. Jumla 20.25.

Mauzo: 15 mara 6 ni 90. Deni lililobaki ni 9.75. Mfuko unaondoka na 80.25 kwa 30 iliyoweka, karibu mara 2.7. Kupata kiwango cha faida kwa mwaka, ile IRR, bila kikokotoo, kariri hizi za miaka 5: mara 2 ni asilimia 15, mara 2.5 ni 20, mara 3 ni kama 25. Yako ni 22 hivi.

Usidhani mtihani umeisha hapo. Atauliza faida ya 50.25 imetoka wapi. EBITDA imekua 5, mara 6 ni 30. Deni lililolipwa ni 20.25, bei ya kuuzia haikuchangia kitu. Kisha atauliza, je, ukiuza kwa mara 5? Unapata 75, toa 9.75, ni 65.25, yaani mara 2.2 na asilimia 17 hivi. Na kama mfuko uliwekewa dola, huku dola ikipanda asilimia 4 kila mwaka dhidi ya shilingi? Rudi kwenye ile asilimia 22: gawa 1.22 kwa 1.04, umebaki na asilimia 17 pia. Kwa mfuko unaowekeza Afrika Mashariki swali hili la dola ni la lazima, na ajabu ni kwamba watahiniwa wachache hulitaja wenyewe.

Wakaguzi mna ugonjwa wenu: mnatafuta kosa la mwaka jana kuliko kukisia la mwaka kesho. Ukikwama kwenye gharama za wanasheria au sehemu ya desimali, iandike pembeni kama dhana yako, endelea. Hesabu ya kukadiria iliyofika mwisho hupata alama kuliko ya uhakika iliyoishia mwaka wa 2.

Nimepewa kazi ya nyumbani: nyumba ya wageni ya vyumba 40, Tanga mjini, faida imepanda sana ndani ya miaka miwili. Nishauri inunuliwe au la. Niangalie nini?
*Dada wa Raskazone*

Dada, kabla ya jedwali lolote uliza wageni ni akina nani. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo Tanga, na ujenzi wa namna hiyo hujaza vyumba kwa mafundi na wakandarasi. Ujenzi ukiisha, mafundi huondoka. Kuendesha bomba kunahitaji watu wachache mno kuliko kulijenga.

Tufanye mfano. Vyumba 40 kwa siku 365 ni usiku 14,600. Vikijaa asilimia 85 kwa shilingi 60,000, mauzo ni milioni 744.6. Vikirudi asilimia 50, ni milioni 438. Umepoteza usiku 5,110. Kila usiku unapunguza gharama ya kufua, maji na chai, tuseme 15,000, basi. Mlinzi na mhasibu wanalipwa vilevile. Faida inashuka 45,000 mara 5,110, karibu milioni 230. Ukiwa umenunua kwa mara 6, umelipa bilioni 1.38 kwa wageni waliokwisha funga mizigo. Namba hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa ripoti yako.

Halafu safisha EBITDA kwa upande wa pili. Je, mwenye nyumba anajilipa mshahara? Shangazi aliye mapokezi yumo kwenye orodha ya malipo? Jengo ni mali ya kampuni au ya mzee mwenyewe, na kama ni la mzee, kodi ya pango itakuwa kiasi gani baada ya kuuza? Mafuta ya gari la nyumbani yaliyoingizwa kwenye vitabu huongeza faida ukiyaondoa. Mishahara isiyoandikwa huipunguza. Watahiniwa hukumbuka ya kuongeza tu, maana ndiyo muuzaji anayoyaleta.

Mambo mawili ya sheria yaguse kwa ufupi. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huhesabu kampuni kama imeuza mali zake pale umiliki unapobadilika kwa zaidi ya asilimia 50, hivyo kununua hisa zote kunaweza kuzaa kodi ndani ya kampuni unayoichukua.

Jibu lako liwe "ndiyo kwa bei hii" au "hapana isipokuwa". "Inategemea" peke yake haikubaliki.

Nitafanya mtihani wa Excel wa muda wa saa tatu kwa intaneti, nikiwa Pangani. Naogopa umeme. Na niliwahi kuulizwa kuhusu viwango vya IFC nikababaika.
*Msomaji, Pangani*

Umeme: kompyuta ya mkononi iliyojaa chaji, simu mbili za mitandao tofauti zenye bando, na uhifadhi kila baada ya dakika kumi kwa jina jipya la faili. Namba ulizoingiza ziwe za bluu, fomula nyeusi. Weka mstari unaotoa upande mmoja wa mizania kutoka mwingine, usome sifuri kila mwaka. Riba ihesabu kwa deni la mwanzo wa mwaka. Ukitumia wastani, riba inategemea fedha na fedha inategemea riba, faili linazunguka kama tiara na linaweza kujaa makosa dakika ya mwisho.

IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye kampuni binafsi, ina viwango vinane vya mazingira na jamii. Mifuko inayopata fedha za taasisi za maendeleo kama BII ya Uingereza, Norfund ya Norway au Proparco ya Ufaransa huulizia hayo kwa dhati. Usikariri vyote, chukua kwenu. Kwa katani, cha 2 ni mazingira ya kazi ya wakata mkonge, cha 3 ni uchafuzi, cha 5 ni ardhi. Sehemu ndogo tu ya jani la mkonge, asilimia chache, ndiyo nyuzi. Nyingine ni maji na mabaki yanayoweza kuingia mtoni. Hale, wilayani Korogwe, mabaki hayo yalianza kugeuzwa biogesi na umeme. Ukisema hivyo, jiandae kwa swali linalofuata: mtambo kama huo unagharimu kiasi gani, na unaingia kwenye mstari gani wa LBO yako? Ni ule wa ununuzi wa mitambo, na akiba ya umeme inaingia kwenye EBITDA.