Nyie mnaoanza shifti ya usiku hotelini, mjini Unguja

Juzi nimemwona tena mmoja wenu. Saa sita na robo usiku, kashasaini kutoka, kasimama nje ya geti anangoja bodaboda asiyemjua, uso wote unawaka kwa mwanga wa simu. Askari kashafunga mlango. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani, akanuna. Nuna tu, mwanangu.

1. Usisaini kutoka mpaka gari iwe mlangoni. Ukishasaini, kwa wenye hoteli wewe ni mpita njia.

2. Namba ya gari mtumie mtu aliye macho. Simu iwe na chaji. Polisi ni 112.

3. Usinyamaze. Hili nitalivuta kidogo, kwa sababu mimi nilinyamaza.

Ilikuwa wakati wa lile giza la 2009 kuingia 2010, miezi mitatu Unguja nzima haina umeme. Nilikuwa rasepsheni, hoteli moja Shangani. Gari ya stafu ikajaa, nami nikaona haya kumwambia supavaiza irudi safari ya pili, nisije nikaitwa mlalamishi. Nikashika njia kwa miguu, nipite Hurumzi nitokee Darajani. Kila mwenye uwezo alikuwa na jenereta mlangoni, na ngurumo yake inameza kila kitu: husikii hatua za anayekufuata, na ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Kwamba kuna mtu nyuma yangu nilijua kwa harufu ya sigara. Nikakata kona, akakata. Nikavua viatu nikakimbia, mpaka baraza moja wazee wanacheza karata kwa kandili. Hawakuniuliza kitu. Mmoja akaweka karata zake chini, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Yule mtu akatupita, tena akatoa salamu!

Nyumbani sikusema, mama angeniachisha kazi. Kazini sikusema, swali la kwanza lingekuwa nilivaa nini. Wiki ile ile mwenzangu wa jikoni akapita njia hiyo hiyo, maana ni mimi niliyemwonesha kuwa ni fupi. Akavunjwa mkono kwa ajili ya mkoba wenye nauli na pakiti ya biskuti. Hakurudi tena kazini. Nilikwenda kumtazama, nikampa pole, na hata siku ile sikumwambia kuwa mimi nilitangulia kufuatwa.

4. Mtu akikuingilia kwa nguvu, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja, na uende kabla hujaoga, na nguo zile zile. Daktari, polisi na mshauri utawakuta pahala pamoja. Ukianzia kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia.

5. Mliotoka bara, ile nyongeza ya mshahara ya asilimia 5 kwa kazi za usiku mnayoitaja kila mwisho wa mwezi ni ya sheria yenu ya 2004. Ajira si jambo la Muungano. Huku tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kwa hiyo msiitegemee ya bara: suala la usafiri liulizeni kabla ya mkataba, na liandikwe. Ahadi ya mdomo huisha meneja akibadilishwa, na huku mameneja hubadilishwa kama mashuka.

Rosta ya mwezi ujao nimeiongezea safu: nani anaondoka na nani. Wa Fuoni na Mwanakwerekwe, nileteeni majina kabla ya Alkhamisi.