Soja wako akiiba, usikimbilie kusema kampuni haimo

Wewe uliyepandishwa cheo juzi ukawa msimamizi wa malindo katika kampuni ya ulinzi, uwe hapa Nakuru au Kisumu, kuna simu utapigiwa usiku mmoja, na kuna maneno yatakujia mdomoni: "Aliyeiba ni yeye, kampuni haimo." Yameze. Mimi niliyatamka mbele ya mteja.

Lilikuwa godauni la mbolea eneo la viwandani, msimu wa kupanda. Nilifika saa tisa usiku. Kufuli zima, mlango umefungwa vizuri, magunia 42 hayapo. Soja mmoja hayupo pia. Mwenzake anaapa kwamba alikuwa chooni. Nikafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio ya lindo. Kila saa ina mstari wake: "Nimezunguka, hali shwari." Saa nne, saa tano, saa sita, hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa tisa ndiyo kwanza inapita, kitabu kimeshafika kucha! Mwandiko mmoja, wino mmoja.

Hapo ningekichukua kitabu kama kilivyo. Badala yake niliandika chini yake kwamba wizi umefanywa na watu wasiojulikana, kabla sijamuuliza mtu swali hata moja. Wakili wa mteja alikuja kunisomea sentensi hiyo polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Mahakama haiulizi kama kampuni ilimtuma soja aibe. Nani humtuma? Inauliza kama wizi una uhusiano wa karibu na kazi aliyopewa. Kesi ya Morris dhidi ya C.W. Martin, Uingereza mwaka 1965, ilihusu vazi la manyoya lililopelekwa kusafishwa, likaibwa na mfanyakazi yuleyule aliyekabidhiwa alisafishe. Mwajiri akabebeshwa mzigo. Kesi za kule huwashawishi majaji wetu kwa sababu msingi ni mmoja. Kwa hiyo soja uliyemkabidhi funguo za godauni akilifungua na kulikomba, jiandae kujibu. Akienda siku yake ya mapumziko kuiba kuku mtaani kwao, hiyo ni habari nyingine, hata kama alivaa sare yenu.

Halafu kuna mkataba, na hapa ndipo mabosi hupumua mapema mno. Wengi huutaja uamuzi wa mwaka 1980 wa Photo Production dhidi ya Securicor. Mlinzi wa doria aliwasha moto ndani ya kiwanda alichopaswa kukilinda, hasara ikafika pauni 615,000, na kampuni ya ulinzi ikaokolewa na kifungu cha mkataba. Ni kweli, lakini kisome kifungu chenyewe. Kilisema kampuni haitawajibika kwa kitendo cha mfanyakazi isipokuwa kama ingeweza kukitabiri na kukizuia kwa uangalifu unaostahili. Na katika kesi ile hakuna aliyedai kwamba kampuni ilizembea katika kumwajiri mlinzi yule.

Sisi je? Nilipofungua faili la soja wetu, nilikuta barua mbili za wadhamini, majina mawili, namba ya simu moja. Cheti cha tabia njema hakikuwamo. Nani alikuwa ametia sahihi kwamba faili limekamilika? Mimi.

Tangu Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016, mlinzi anatakiwa awe amefunzwa na kusajiliwa. Usimpange mtu lindo kwa ahadi kwamba karatasi zinakuja. Piga simu kwa kila mdhamini, andika tarehe na alichosema. Na kifungu cha mkataba kikiwa na maana mbili, mahakama hukisoma kwa kumuumiza aliyekiandika, yaani ninyi.

Utaambiwa pia uwakate mishahara masoja wote wa zamu ili hasara ifidiwe. Kataa kwa adabu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu makato ya kiasi pale mali iliyo mikononi mwa mwajiri ilipopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. Kulala kijiji kimoja na mwizi si kosa la makusudi. Na kabla ya kumfukuza yeyote, kifungu cha 41 kinataka asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chake.

Kampuni ililipa, walielewana nje ya mahakama. Mteja ana miaka sita kudai kwa msingi wa mkataba, kwa hiyo vitabu vya OB havichomwi mwisho wa mwaka wala havifungiwi mandazi. Kile cha godauni kiko kabatini mwangu, kimefungwa kwa kamba, na mstari wangu uko palepale chini ya ule wa saa kumi na moja.