Pikapu ya zamani, tairi kubwa na mafuta

Mkuu, kabla hujamlaumu fundi kwamba Hilux yako ya miaka ya 90 inakunywa dizeli tangu utoe tairi za saizi ya 205 R16 ukaweka kubwa za 265/75 R16, jua kwanza kuwa dashibodi inakudanganya. Kipenyo cha tairi kimeongezeka kama asilimia 8, kwa hiyo ikiandika kilomita 100 umetembea 108 hivi. Jaza tanki, toka Mwanza nenda Magu urudi, jaza tena sheli ileile, kisha zidisha kilomita kwa 1.08 ndipo ugawe kwa lita.

Bado itakula zaidi, hilo halikwepeki. Tairi ni nzito na gia zimekuwa ndefu: ukitoka soko la samaki la Mwaloni na magunia ya dagaa, kwenye mlima gia ya tatu inakata pumzi, unarudi ya pili, moshi mweusi nyuma. Upepo wa tairi nao upime asubuhi zikiwa baridi.

Kama njia yako ni lami tu, Usagara hadi Mwanza mjini, hayo matairi makubwa ni ya kupigia picha; rudisha saizi ya kiwandani. Ukiyapenda sana, badilisha meno ya difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) ili gia zirudi fupi, ila andaa mfuko, maana kwenye 4x4 difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane.