Maswali ya Wasomaji: Je, Mtoto Mwenye Usonji Asimamishwe Mbele ya Gwaride?

Swali

Mshauri, natumai u mzima. Katika darasa langu la Gredi ya Pili hapa Kisumu yupo mvulana wa miaka minane ambaye mwaka jana alitathminiwa, ikaelezwa kuwa ana usonji. Kengele yetu ni rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kila inapogongwa yeye huziba masikio na kuingia chini ya dawati. Nikimwambia "Hujambo?" hunijibu "Hujambo?", na wenzake huangua kicheko. Baadhi ya wazazi wanasema ni chira, yaani laana, kwamba mama yake alikiuka mwiko wa nyumbani, na wawili wameomba watoto wao wasiketi naye wasije wakaambukizwa. Mwalimu mkuu, ambaye siitilii shaka nia yake, amependekeza kwamba tarehe 2 Aprili mtoto huyu na mama yake wasimame mbele ya gwaride, mama aeleze hali ya mwanawe, kisha shule nzima iwapigie makofi. Mama amekubali, lakini alipokuwa akikubali alitazama chini. Tuendelee?

*Mwalimu wa Gredi ya Pili, Kisumu*

Jibu

Mwalimu mwenzangu, msiendelee. Mzazi aliyeitwa ofisini na mwalimu mkuu hukubali mengi asiyoyataka, na wewe mwenyewe umeona alikotazama. Tena, mtoto anayekimbilia chini ya dawati kwa sababu ya rimu moja atafanya nini mbele ya mamia ya viganja vinavyopiga makofi kwa pamoja? Akipiga mayowe, shule itayakumbuka mayowe hayo na kuusahau ujumbe, na wale wa chira watarudi nyumbani wakisema wamejionea kwa macho.

Shule inaweza kufundishwa usonji bila kumwonyesha mtoto hata mmoja. Anzeni na walimu wenyewe, kwenye mkutano wenu wa kawaida, kwa maneno machache: usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, huanza kabla mtoto hajazaliwa, kwa sehemu kubwa hutokana na vinasaba, na hauambukizi. Hugusa mawasiliano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Wapo wenye usonji wasiosema kabisa na wapo wanaosema kama kasuku, wapo wanaofaulu masomo na wapo wanaohitaji kusaidiwa hata kuvaa. Kuhusu lawama kwa mama, wakumbusheni wenzenu kwamba haikuzaliwa kwetu. Daktari Leo Kanner alieleza hali hii kwa watoto 11 huko Marekani mwaka wa 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko walidai kwamba ubaridi wa mama ndio uliowafanya watoto kuwa hivyo, hadi utafiti ulipolikanusha dai hilo. Wao hawakuwa na chira, walikuwa na vitabu, lakini aliyetwikwa mzigo alikuwa yule yule.

Hiyo "Hujambo" inayowachekesha wenzake inastahili kipindi kizima. Kiswahili chetu kinamtaka mtoto asikie "hu-" na papo hapo ageuze kuwa "si-", yaani atambue kwamba anayesemwa sasa ndiye anayesema. Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima, kama mtu anavyokariri wimbo, kwa hiyo salamu wanairudisha jinsi walivyoipokea. Akikwambia "Unataka maji?" huenda anakwambia kwamba ana kiu. Hakukejeli wala hana utovu wa adabu. Msalimie, kisha umtangulizie jibu kwa sauti ya chini, "Sijambo, mwalimu," naye alirudie. Baada ya wiki kadhaa huenda likamtoka lenyewe. Wenzake waambie kwamba kila mtu darasani ana jambo linalomchelewa, na kwamba salamu kwa huyu inakuja polepole. Watoto wa Gredi ya Pili huelewa maelezo ya namna hiyo kwa urahisi kuliko wazazi wao.

Naandika haya nikiwa na deni. Nilipokuwa nikifundisha Nakuru, nilikuwa na msichana mkimya ambaye hakuwahi kunitazama usoni, nami nikamsifu kwa miaka miwili mbele ya darasa kwamba ana heshima. Vitabu vya ng'ambo huorodhesha kukwepa macho miongoni mwa dalili za usonji, lakini katika nyumba zetu nyingi mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ndiye aliyelelewa vizuri. Dalili hiyo ilinipita. Msichana huyo hakuwa na rafiki hata mmoja, alipanga penseli zake kwa urefu kila asubuhi na kulia zilipoguswa, na bado sikuuliza. Wasichana husahauliwa hivyo mara nyingi, kwa sababu ukimya wao haumsumbui mwalimu.

Sasa turudi kwenye ile rimu. Mwombe kiranja wa kengele apitie darasani kwako kabla ya kuigonga, nawe umguse mtoto begani, ikiwa anavumilia kuguswa, au umwonyeshe kadi yenye picha ya kengele. Kinachomtisha si sauti tu, bali kutojua itakuja lini. Chora kwenye kipande cha katoni picha za siku nzima kwa mpangilio: kitabu, kikombe cha uji, mpira, njia ya nyumbani. Mvua ya alasiri ya Kisumu inapoanza kupiga mabati, hata mimi hushindwa kusikia mawazo yangu, basi kwake ni kama ngoma ndani ya kichwa. Mruhusu azibe masikio, aende kwenye kona aliyoichagua, wala usimwite ubaoni mpaka ipungue.

Kwa wazazi wanaoomba watoto wao wahamishwe, mwalimu mkuu ndiye anayepaswa kuzungumza, na azungumze kwa uthabiti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kuadhibiwa kwa kiboko au kwa kudhalilishwa, na Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Zezeta, punguani na majina ya aina hiyo yakomee langoni, na yakomee pia katika chumba cha walimu, ambako nimewahi kuyasikia zaidi kuliko uwanjani.

Kuhusu tarehe, Umoja wa Mataifa uliitenga 2 Aprili mwaka wa 2007 kuwa siku ya uhamasisho kuhusu usonji, na si vibaya kuiadhimisha. Ila kwetu huangukia siku za mwisho za muhula wa kwanza, wakati watu wanawaza mitihani na nauli. Mngengoja wiki ya pili ya muhula ujao, mkaita wazazi kwa mafungu, darasa kwa darasa, mngesikilizwa zaidi.

Na nje ya lango msiwasahau waendesha bodaboda wa steji iliyo karibu. Baadhi ya watoto wenye usonji hutoroka bila kuaga, hawaitiki wakiitwa jina, na wengi huvutwa na maji. Katika mji ulio kando ya ziwa, hilo si jambo dogo. Mama akiridhia, na safari hii muulize mkiwa wawili tu, vijana wa steji waonyeshwe sura ya mtoto, waelezwe asifokewe wala asikamatwe kwa nguvu, na wapewe namba ya kupigia.

Swali

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii Kakamega. Mama mmoja amekataa mwanawe mdogo asipewe chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, kwa kuwa kaka yake aliacha kusema baada ya chanjo hiyo. Nimjibu nini?

Jibu

Kwanza msikilize amalize, kwa maana aliyoyaona aliyaona kweli: mtoto alichanjwa, kisha maneno yakapotea. Lakini miezi 18 ndio umri ambao dalili za usonji hujitokeza wazi kwa watoto wengi, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa. Uvumi wenyewe ulienea kutokana na makala ya Andrew Wakefield iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 1998 kuhusu watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka wa 2010, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari mwaka huo huo. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka wa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya laki sita, haukuona uhusiano wowote. Surua, kwa upande wake, inaua.

Nadhani pia anachokuuliza mama huyo si chanjo peke yake, bali nani atamsaidia yule mkubwa. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC, vimekuwapo nchini tangu 1984, na afisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Fuatana naye siku moja kwa shughuli zote mbili: mdogo achanjwe, na mkubwa aandikiwe barua ya kwenda kutathminiwa.