Tarakimu Mbili Zilizobadilishana Viti

Nilimlipa msanifu aliyenitengenezea nembo, nikaona alama ya kijani kwamba muamala umekamilika, nikaenda kulala. Asubuhi akaniuliza kwa upole ni lini atapata chake. Nikamtumia picha ya risiti. Alikaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Ndugu yangu, akaunti hii si yangu." Namba yake ilikuwa na 47 katikati. Mimi nilikuwa nimeandika 74.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeikagua. Mara tatu! Ila kila nilipoisoma, nilikuwa nasoma namba iliyokuwa kichwani mwangu, wala si ile iliyokuwa kwenye skrini. Tangu siku hiyo siliamini jicho lililoandika namba kuwa ndilo litakaloikagua. Lazima ukaguzi utoke mahali pengine: kwa mtu wa pili, kwa jina la mwenye akaunti, au kwa hesabu iliyofichwa ndani ya namba yenyewe.

Nianze na hiyo hesabu, maana wengi wetu tunaitegemea bila kujua. Namba za kadi za benki hubeba tarakimu ya mwisho ambayo haimtambulishi mtu yeyote. Kazi yake ni kuzilinda zile zilizotangulia. Kanuni inayotumika aliibuni Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeomba hataza yake mwaka 1954. Chukua 4538. Anzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja, iache inayofuata, na kadhalika: 8 inakuwa 16, na 1 jumlisha 6 ni 7, 3 inabaki 3, 5 inakuwa 10, yaani 1, 4 inabaki 4. Jumla ni 15. Ili ifike 20, inayogawanyika kwa 10, inahitajika 5, basi namba kamili ni 45385. Sasa fanya kosa langu, andika 43585. Ile 5 ya mwisho, ambayo ni ya ukaguzi, haizidishwi, inajumlishwa tu. Jumla inakuwa 27, haigawanyiki kwa 10, na mfumo unaikataa papo hapo kabla senti haijatoka. Kanuni hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la tarakimu jirani kubadilishana nafasi. Inayoponyoka ni 09 ikigeuka 90, kwa sababu 9 ukiizidisha kwa mbili unapata 18, na 1 na 8 vinarudi kuwa 9. IBAN, yaani namba ya akaunti ya benki ya mfumo wa kimataifa, ina ulinzi mkali zaidi: tarakimu mbili baada ya herufi za nchi, zinazopimwa kwa kugawanya namba nzima kwa 97.

Kwa hiyo namba ikikataliwa, shukuru na uende zako kuisahihisha. Hatari iko kwenye namba isiyo sahihi ambayo mfumo unaikubali. Si kila akaunti ya kawaida ina tarakimu ya ukaguzi, na pale akaunti inapokuwa ndiyo namba ya simu, hakuna kabisa. Ukikosea tarakimu moja, huenda umepiga hodi kwa mtu mwingine aliye hai, mwenye jina lake na shida zake.

Dawa ya kwanza ni kutoandika. Nakili, kisha bandika. Lakini hata hapo nimeshaumia. Ukiburuta kidole kwenye simu ni rahisi kuacha tarakimu ya mwisho nje, au kubeba nafasi tupu ambayo fomu nyingine huihesabu kama herufi. Hivyo nikishabandika nahesabu urefu, na natazama tarakimu nne za mwisho kwenye ujumbe wa asili, sio kwenye kumbukumbu. Zipo pia programu hasidi ambazo hubadilisha ulichonakili kabla hujakibandika; zimewaliza sana wanaotuma sarafu za kidijitali, kwa kuwa anwani zao ni ndefu na hakuna anayezisoma hadi mwisho.

Na tafadhali, usihifadhi namba za akaunti kwenye lahajedwali bila kuiambia kwamba safu hiyo ni maandishi. Excel huchukulia 00456 kuwa 456, na ikipewa namba ya tarakimu zaidi ya 15 hugeuza za mwisho kuwa sifuri. Mara nyingi haikuulizi, haikuonyi. Niliwahi kufungua orodha ya walipwaji na kukuta akaunti tatu zimeishia kwa sifuri, nikadhani ni bahati ya kuchekesha.

Ikibidi kuandika kwa mkono, igawe namba vikundi vya tarakimu tatu au nne. Isome kwa sauti, na ukimaliza isome tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kuisoma kinyume kunasumbua, na faida yake iko hapo hapo, maana kichwa hakina wimbo wa kujazia. Kuwa mwangalifu na tarakimu zinazorudia: 5550 na 5500 zinafanana kama mapacha. Ukihama kati ya kibodi ya simu na ile ya kompyuta, kumbuka kwamba simu huanza na 1-2-3 juu, ilhali upande wa namba wa kompyuta huanza na 7-8-9. Vidole vina mazoea yao.

Kile kisanduku cha pili cha "rudia namba ya akaunti" kina maana ikiwa tu unairudia kutoka kwenye chanzo. Ukinakili kutoka kisanduku cha kwanza, umethibitisha kwamba kosa lako linafanana na kosa lako.

Jina ni kinga nzuri kuliko zote hizi. Kwa miaka mingi watu waliamini benki hulinganisha jina na namba, kumbe mifumo mingi ilitazama namba tu. Uingereza mabenki makubwa yalianza kulinganisha jina mwaka 2020, na tangu Oktoba 2025 watoa huduma za malipo katika nchi zinazotumia yuro wanatakiwa kufanya hivyo kabla ya kutuma. Mfumo wako ukikuonyesha jina la mpokeaji, lisome neno kwa neno, usiridhike na jina la kwanza. Usipokuonyesha, tuma kiasi kidogo, mpigie mpokeaji, akikiri kimeingia ndipo utume kilichobaki kwa kutumia namba ileile iliyohifadhiwa, bila kuiandika upya. Ndiyo, pengine utalipa ada mara mbili. Mimi nailipa bila kinyongo.

Jambo moja kwa wanaotengeneza fomu hizi, kwa kuwa nimewahi kuwa mmoja wao: namba ya akaunti si idadi, haijumlishwi wala kutolewa, hivyo msiiweke kwenye kisanduku cha idadi kinachomeza sifuri za mbele. Ruhusuni watu kubandika, ondoeni nafasi tupu wenyewe, namba ionekane kwa vikundi. Na kwenye ukurasa wa kuthibitisha, andikeni jina kwa herufi kubwa kuliko kitufe cha kutuma.

Ukiwa umeshakosea, usianze kumtafuta mpokeaji mwenyewe. Wasiliana na mtoa huduma wako dakika hiyohiyo ukiwa na namba ya muamala, saa, kiasi, namba uliyoandika na ile uliyokusudia. Omba namba ya malalamiko na uitunze. Mara nyingi hawawezi kuchomoa pesa kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa yake, ndiyo maana kila saa ina thamani: pesa ambayo haijatolewa ni rahisi kurudishwa. Na yeyote atakayekupigia akidai ndiye aliyepokea na anataka nenosiri lako ili akurudishie, mkatie simu.

Mimi nilichelewa saa kumi kwa sababu ya usingizi. Msanifu nilimlipa upya siku hiyohiyo, kosa halikuwa lake. Ile ya kwanza ilirudi baada ya wiki tatu, mwenye akaunti aliporidhia, ikiwa imekatwa ada. Sikuwahi kujua ni nani. Namba yake tu ndiyo ninayoikumbuka kwa moyo hadi leo, wakati ya msanifu bado huwa naitazama.