Kadi moja, rangi kibao

SWALI: Mhariri, mwanangu hapa Minneapolis anakusanya kadi za besiboli za Topps Chrome, toleo la kung'aa la kampuni ya Topps. Mchezaji yuleyule ana ya bluu, ya kijani, ya dhahabu, na muuzaji anadai zote ni adimu. Ni kweli?

JIBU: Kweli nusu. Tafuta namba iliyopigwa kwenye kadi: 37/150 maana yake zimechapwa nakala 150 za rangi hiyo. Kwa kawaida bluu ni 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5, na Superfractor, iliyo adimu kuliko zote, 1. Jumlisha: nakala 330 “adimu” za mtu mmoja, na hapo hatujagusa rangi nyingine. Ndiyo maana wakongwe wananung'unika. Topps Finest ya 1993, toleo jingine la kampuni hiyo, ilipoleta rifrakta, yaani kadi za mng'ao wa upinde wa mvua zilizozaa rangi hizi, ilikuwa aina moja tu.

Isiyo na namba, usiilipie kama adimu, hata ing'ae vipi. Anzia dhahabu (nakala 50) kwenda zenye nakala chache zaidi, tena kwa mchezaji anayetafutwa. Kwenye eBay chuja zilizokwisha kuuzwa, za rangi hiyohiyo. Bei anayoitaja muuzaji ni ndoto yake. Namba ya nakala, kama ile 37, ikilingana na namba ya jezi ya mchezaji, wengine huongeza dau. Sisi hatungeongeza.