Leseni ya kuzalisha mbwa Uingereza

Dada, umeuliza kama unahitaji leseni kwa vile Labrador wako amezaa watoto saba hapo Leicester na unataka kuwauza. Kwa mzao mmoja tu (yaani watoto wa uzazi mmoja) wa mbwa wa nyumbani mara nyingi leseni si lazima, ila usitulie kwanza. Sheria ya 2018 ya huku England inasema leseni ni lazima ukifikisha mizao mitatu ndani ya miezi 12 na ukauza watoto, AU ukiwa unazalisha na kujitangaza kama biashara, na hiyo "au" ndo inawaponza wengi, wanahesabu mizao tu halafu wanabandika matangazo kila mahali. Mapato kuzidi pauni 1,000 ni moja ya vitu halmashauri wanavyoangalia kujua kama ni biashara, kwa hiyo wapigie halmashauri yako kabla hujatangaza chochote.

Mimi nilivyoomba walikuja mkaguzi na daktari wa mifugo, yule daktari akapiga magoti jikoni akaingiza mkono ndani ya boksi la watoto kuona kama kuna joto la kutosha, nikafurahi kweli maana ndivyo inavyotakiwa.

Leseni au bila leseni, watoto wawekewe chipu (kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi) kabla ya kufika wiki 8 na mteja awaone wakiwa na mama yao. Ukiwa na leseni jike haruhusiwi kuzaa mara mbili ndani ya miezi 12. Na wewe hata kama huna, naomba sana dada, mwache huyo mama apumzike.